Darubini ya bunduki ya upepo inahama kila baada ya risasi 40: ni pete, ni reli au ni mpigaji?

NjiwaPori (mleta uzi)
Wakuu salaam. Nina bunduki ya upepo ya springi, ya kukunja mtutu, 4.5 mm. Niko Leicestershire, kuna mkulima ameniruhusu kumpunguzia sungura shambani kwake. Sitaki kabisa mnyama apigwe vibaya akafie kichakani, kwa hiyo hili jambo linaninyima usingizi.

Nafunga darubini, nairekebisha kwa mita 25, risasi tano zinaingia ndani ya duara la sarafu. Nikifika risasi ya 40 au 50 zote zinapiga chini na kushoto kidogo, kama sentimita tatu. Narekebisha tena, kesho yake hadithi ni ile ile. Nimekaza skrubu za pete (vile vishikio vinavyofunga darubini kwenye reli iliyo juu ya bunduki) mpaka moja imelika kichwa, alenki inazunguka bure. Ninavyodhani mimi, teke la bunduki linaisukuma darubini mbele kidogo kidogo. Pete ni zile zilizokuja kwenye boksi la darubini. Ninunue pete mpya, au reli ndiyo mbovu? Nawasilisha.

Kipanga77
Haiendi mbele mkuu, inarudi nyuma. Hapo ndipo wengi tunapopotea mwanzoni.

Bunduki ya springi haina teke moja, ina mawili. Ukifyatua, pistoni inaruka mbele na bunduki inakuja begani. Kisha pistoni inafika mwisho wa silinda na kusimama ghafla, na bunduki nzima inarushwa mbele. Hili la pili ndilo kali. Bunduki inakwenda mbele, darubini inataka kubaki ilipo, kwa hiyo pete zinatambaa kwenye reli kuelekea jichoni kwako. Usiniamini mimi. Chora mstari mwembamba wa penseli au rangi ya kucha ya shemeji, nusu kwenye pete na nusu kwenye reli. Chora mwingine kwenye bomba la darubini linapoingia kwenye pete. Piga risasi 50 uje utuambie mstari upi umekatika. Kuna mahali pawili pa kuteleza, na dawa zake si moja.

Mkorofi_Mpole
Chukua rangi ya kucha ya shemeji bila ruhusa, halafu uzi unaofuata uwe wa kuomba ushauri wa ndoa 😂

FundiJiliwa
Sijawahi kumiliki bunduki, niseme mapema. Ila nimechonga chuma Gerezani, Dar, miaka mingi na skrubu nazijua. Skrubu iliyolika kichwa ni skrubu iliyokazwa kwa hasira. Bomba la darubini ni aluminiamu nyembamba. Ukilibana kupita kiasi linaminywa, na vile vya ndani vinavyobeba msalaba, ile mistari ya kulengea, havisogei tena kwa uhuru. Unazungusha nobu kliki nne, hakuna kinachotokea, halafu ukifyatua inaruka zote kwa pamoja. Mtu anasema darubini inahama kumbe ameinyonga mwenyewe.

Fungua yote. Futa reli, meno ya pete na ndani ya pete kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Bunduki mpya hutoka kiwandani na mafuta, na reli yenye mafuta haishiki hata uikaze vipi. Kisha kaza kwa mshazari: kulia mbele, kushoto nyuma, robo robo mzunguko, ule mwanya kati ya nusu mbili za pete uwe sawa pande zote. Kwa vifuniko vya pete, watengenezaji wengi wanataja pauni-inchi 15 hadi 18, yaani karibu Nm 1.7 hadi 2. Kama huna spana ya kupimia, shika mkono mfupi wa alenki kwa vidole viwili. Vidole vikikataa, acha.

Bi_Mwanashabaha
Fundi kasema kweli kuhusu vifuniko, lakini usafi na kukaza peke yake havitoshi kwa springi yenye nguvu. Kinachotakiwa ni kizuizi.

NjiwaPori, angalia juu ya bunduki yako, nyuma ya reli. Kuna tundu moja au zaidi? TX200 ya Air Arms inayo, bunduki za Weihrauch zinayo. Sasa pindua pete yako ya nyuma utazame chini yake kama ina pini ndogo inayoshuka kwa alenki. Pini hiyo iingie kwenye tundu, na kabla ya kukaza uisukume pete nyuma mpaka pini iguse ukingo wa nyuma wa tundu. Nimeona watu wanaiweka katikati, pete inatambaa milimita moja ndipo igote, nao wanalaumu pini. Na isigonge sakafu ya tundu. Ikigonga inainua pete, meno hayakai vizuri kwenye reli, mambo yanakuwa mabaya kuliko bila pini.

Kama pete haina pini, kuna kipande kidogo cha chuma kinachouzwa peke yake, kinafungwa kwenye reli nyuma ya pete. Mimi napiga mashindano ya shabaha za chuma za kuangusha, hadi yadi 55. Huko darubini ikihama nusu milimita siku yako imekwisha.

NjiwaPori
Asante dada. Tundu lipo moja. Pete zangu hazina pini.

MpembaHalisi
Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, na hapo sikubaliani na Bi Mwanashabaha. Pini inabeba pigo lote kwenye sehemu moja ndogo. Nimeona pini iliyopinda, na nimeona tundu lililogeuka yai. Kuna pete zinazoshika kwa ubavu mrefu, BKL kwa mfano, hazitaki pini wala kizuizi. Siri yao ni eneo la kushika tu. Mwenye pete za kawaida achukue zenye skrubu nne upande wa reli badala ya mbili, au kipande kimoja kirefu kinachounganisha pete zote mbili. Kisha ndani ya pete unyunyizie unga kidogo wa sandarusi, ile wanayopaka wapiga fidla kwenye uta. Ami yangu alikuwa mpiga fidla wa taarabu Unguja, kipande chake cha sandarusi ndicho natumia mpaka leo. Bomba halitelezi hata ulipige nyundo.

Tumbatu_Boston
Sheikh, ushauri ni mzuri ila jina sivyo. Ya fidla ni rosini, inatokana na utomvu wa msonobari. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, mti wa kwetu pwani, na kazi yake kubwa ilikuwa vanishi. Karne ya 19 meli za Salem, hapa hapa Massachusetts nilipo, zilikuwa zikiifuata Zanzibar. Ukimwambia mtu anunue sandarusi anyunyizie kwenye pete utampoteza.

MpembaHalisi
Nimekubali kuhusu jina. Ami alikuwa akiita sandarusi, nami nikaita hivyo. Lakini inashika.

FundiJiliwa
Inashika bomba ndani ya pete. Kwenye reli haisaidii, pale ni meno na chuma. Ndiyo maana Kipanga alisema michoro miwili.

MzeeWaNgong
Wanangu, kuna kitu kinanisumbua tangu juu. Mnasema darubini ikiteleza nyuma, risasi zinahama. Kwa nini? Reli imenyooka sambamba na silinda. Darubini ikirudi nyuma milimita mbili juu ya reli iliyonyooka, bado inatazama kule kule. Sentimita tatu kwa mita 25 ni pembe, na pembe haitokani na kuteleza moja kwa moja. Kuteleza kunaonekana kwa macho, ndiyo maana kila mtu anasingizia kuteleza.

Nakuuliza NjiwaPori: nobu ya juu umeizungusha kiasi gani kufika hapo ulipo? Hesabu kliki zilizobaki kwenda upande wa JUU.

Kipanga77
Mzee wangu, reli yako imenyooka kwenye karatasi. Meno ya pete yanashika mifereji iliyochongwa na mashine, na kuna bunduki ambazo mifereji si sawa mwanzo na mwisho. Zinaitwa za mm 11 lakini upana halisi na pembe ya mfereji hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Pete ikisogea inatafuta mkao mpya, inalala ubavu kidogo, na hiyo ndiyo pembe yako. Tena pete mbili hazitambai sawa. Ya mbele ikibaki na ya nyuma ikasogea, bomba linakunjika.

Ila swali la kliki ni zuri. Jibu hilo.

NjiwaPori
Nimerudi wakuu. Nimepiga risasi 50 asubuhi.

Mstari wa kwenye reli umekatika: pete ya nyuma imerudi nyuma zaidi ya milimita moja, ya mbele kama nusu. Mstari wa kwenye bomba haujasogea. Kipanga, uliniambia nyuma nami nilibisha kimoyomoyo, nisamehe.

Kliki: kwenda juu zimebaki sita tu halafu inagota. Kwenda chini nimechoka kuhesabu.

MzeeWaNgong
Sita! Nilijua.

Sikiliza kijana. Bunduki nyingi za kukunja mtutu, ukiufunga mtutu unaelekea chini kidogo kuliko reli. Hivyo risasi zinapiga chini, nawe unazungusha nobu kwenda juu, juu, juu, mpaka karibu na mwisho. Ndani ya darubini kuna bomba dogo linalosukumwa na nobu upande mmoja na kubanwa na springi ndogo upande wa pili. Ukifika karibu na mwisho, hiyo springi imelegea. Kila pigo la pistoni linalitikisa bomba dogo na linatua linapotaka. Unaona risasi zinahama, unakaza pete, pete haina kosa.

Dawa: inua nyuma ya darubini. Kata kipande cha mkebe wa soda, unene kama mm 0.1, weka chini ya bomba ndani ya pete ya nyuma. Kama pete zako ziko mm 100 kutoka moja hadi nyingine, hiyo ni moja kwa elfu. Kwa mita 25 risasi zitapanda milimita 25. Vipande viwili, milimita 50. Kisha rudisha nobu karibu na katikati na uanze upya.

FundiJiliwa
Mzee, hesabu yako sina ubishi nayo. Lakini kipande cha mkebe chini ya bomba upande mmoja tu kinafanya bomba likae kwenye pete mbili ambazo hazitazamani. Kipande kimoja sawa. Viwili, vitatu, unalipinda bomba na unaacha alama ya kudumu. Wapo wanaosaga ndani ya pete kwa chuma kirefu kilichonyooka na unga wa msasa mpaka zikae kwenye mstari mmoja. Kwa pete za bei nafuu inasaidia, ila ukizidisha pete inakuwa kubwa kuliko bomba na haishiki tena.

Kama mtutu umelala hivyo, zipo pete zinazorekebishika, na vipo vipande vya kuunganisha vilivyochongwa nyuma juu kuliko mbele kwa ajili hiyo hiyo. Nunua mara moja usumbuke mara moja.

Mkorofi_Mpole
Kwani si ununue ya mtungi, ile ya kujazwa hewa? Haina teke. Darubini unaweza kuifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Bi_Mwanashabaha
Haina teke kali, kweli, na haili darubini. Lakini inataka pampu au chupa ya hewa, na bei yake si ya kumshauri mtu kwa mzaha. NjiwaPori ameuliza kuhusu aliyonayo.

Kilifi_Glasgow
Samahani kwa kuingilia. Hivi kwa hapa Uingereza bunduki hizi hazihitaji leseni? Natamani kuanza.

Kipanga77
Uko Scotland ndugu, kwako unahitaji cheti cha polisi, tangu tarehe 31 Desemba 2016. Usinunue kwanza ndipo uulize. England, bunduki ya upepo ambayo nguvu yake haizidi futi-pauni 12 mtu mzima anaweza kuwa nayo bila leseni, lakini bado huruhusiwi kupiga kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa yake. Na walio nyumbani Afrika Mashariki wasichukue maelezo ya huku. Waende polisi wakaulize.

MpembaHalisi
Turudi kwenye mada. Nina kisa, na kiliniuma. Darubini yangu ya kwanza nilikuwa nimenunua kwa ajili ya bunduki ya risasi ya moto. Muuzaji aliniambia kama inahimili teke la risasi kubwa, ya upepo itaona mchezo. Nikaamini. Mwezi wa pili msalaba ukalala upande, ndani ukisikiliza kuna kitu kinagongagonga. Kumbe nyingine zimeimarishwa kwa teke la kurudi nyuma tu, na springi inapiga pande zote mbili.

Na kingine, darubini ile umakini wake ulikuwa umepangwa kwa yadi 100. Kwa mita 20 picha ilikuwa ukungu, na ukisogeza jicho msalaba unatembea juu ya shabaha. Kwa hiyo NjiwaPori, hakikisha yako ni ya upepo na inarekebishika kwa umbali mfupi. Isije ikawa jicho ndilo linalohama.

Bi_Mwanashabaha
Hilo la jicho ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya kukaza vifuniko: fumba macho, inua bunduki begani kama unavyopiga, laza shavu, kisha fumbua. Ukiona duara jeusi pembeni mwa picha, sogeza darubini mbele au nyuma mpaka lipotee. Usisogeze shingo. Baadaye tundika timazi mita 25 mbele, uzi na jiwe tu, ulinganishe msalaba na uzi huku bunduki yenyewe imesimama wima. Msalaba uliolala ubavu hutauona kwa umbali mmoja. Badilisha umbali, risasi zinakwenda kando.

Na sijaona mtu ametaja skrubu za kitako! Springi inazilegeza. Zikilegea, bunduki yote inacheza ndani ya mbao, risasi zinatawanyika, na sote tunatazama darubini. Ziangalie kabla ya kununua chochote.

Mwisho, unaishikaje? Springi haitaki kubanwa. Iache ilale kwenye kiganja, iruke inavyotaka, lakini kila mara mahali pale pale. Ukianza umetulia na kumaliza umechoka, mkono unabana, risasi zinahama. Risasi ya 40 ni wakati wa kuchoka.

NjiwaPori
Dada, skrubu za kitako: mbili za mbele zimezunguka robo nzima kabla ya kushika. Sina la kusema.

Darubini ni ya upepo, umakini unarekebishika kuanzia yadi 10. Nimeagiza kipande kimoja chenye pini, kilichoinuliwa nyuma. Kikifika nitarudi.

MzeeWaNgong
Badilisha kimoja kimoja kijana. Ukibadilisha vyote kwa siku moja hatutajua nani alikuwa sahihi.

Mkorofi_Mpole
Mzee anataka kombe lake 🏆

NjiwaPori
Wakuu, mrejesho. Mzee nisamehe, nilishindwa kusubiri. Nimesafisha reli kwa spiriti, nimefunga kipande kipya pini ikigusa ukingo wa nyuma, nimekaza kitako, nobu sasa iko karibu na katikati. Risasi 120 kwa siku mbili. Mistari yote iko palepale. Kundi la risasi tano linafunikwa na sarafu mwanzo hadi mwisho.

Isipokuwa jambo moja. Risasi tano za kwanza za asubuhi zinapiga juu kama sentimita moja, kisha zinashuka na kutulia mchana kutwa. Jana hivyo, leo hivyo.

MzeeWaNgong
Kutulia ni kwa sababu ya nobu. Nilisema.

Kipanga77
Kutulia ni kwa sababu ya pini, mistari inaonyesha. Za asubuhi ni grisi ya ndani na springi, baridi ikiwepo kasi si ile ile mpaka ipate joto. Wengi wetu hatuhesabu tano za kwanza.

Bi_Mwanashabaha
Sungura hakupi tano za kwanza, Kipanga. Yeye anakupa moja. NjiwaPori, kesho pumzika nusu saa katikati, bunduki uiache ndani ya gari ipoe, kisha upige tena. Zikipanda ni baridi. Zikibaki chini ni bega lako la asubuhi.

MpembaHalisi
Na rosini? Umeipaka?

NjiwaPori
Imefika jana sheikh, bado iko kwenye bahasha. Bomba halijateleza kwa hiyo sijaigusa. Kesho kuna jua asubuhi, nitafanya alivyosema dada na kuandika hapa.